Jani Likikatwa kwa Wembe: Kikonyo Kinajua Nini Kuhusu Ukoo wa Mmea?

Kata kikonyo cha kangaga liitwalo Pteridium aquilinum karibu na ardhi, kwa wembe mkali, kisha utazame palipokatwa. Hadubini haihitajiki. Ndani ya nyama nyeupe ya kikonyo kuna madoa na mikunjo ya kahawia, na ukiwa na jicho la kuona picha mawinguni utamwona ndege aliyekunjua mabawa. Jina aquilinum huelezwa hivyo tangu zamani: aquila kwa Kilatini ni tai, na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alipouita mmea huu Pteris aquilina mwaka 1753, inasemekana tai huyo wa kikonyoni ndiye aliyekuwa kichwani mwake. Wengine wakikata huona mti wa mwaloni. Mikato mingine, kusema kweli, hufanana zaidi na wino uliomwagika.

Mchoro huo unatokana na vifungu vya mishipa, yaani zailemu inayopandisha maji na floemu inayosafirisha sukari, pamoja na tishu ngumu inayoviegemeza. Kikonyo ndiyo njia pekee kati ya tawi na bapa la jani, kwa hiyo kila kinachoingia na kutoka hupitia hapo. Idadi ya vifungu hivyo na jinsi vilivyojipanga hutofautiana kutoka kundi hadi kundi. Kangaga la jenasi ya Osmunda lina kifungu kimoja kilichopinda kama herufi C. La Asplenium lina viwili chini, na kadiri unavyopanda vinakutana mgongo kwa mgongo na kufanya umbo la X. Mtu aliyezoea anaweza kutenganisha makundi haya kwa kikonyo kikavu tu, bapa lote likiwa limeshaoza.

Hapo ndipo ulipoanzia mjadala ambao haujaisha kwa zaidi ya miaka mia moja: je, yaliyomo ndani ya jani na kikonyo yanatosha kutuambia mmea huu ni upi, na ni ndugu wa nani? Hayo ni maswali mawili, na naona lawama nyingi inazotupiwa anatomia, pamoja na sifa nyingi inazopewa bila kuzistahili, zinatokana na kuyachanganya. Kutambua ni kumjua mtu kwa alama ya kidole. Kuainisha ni kumjua babu yake. Alama ya kidole ni ushahidi mkubwa katika jambo la kwanza, na karibu haina kazi katika la pili.

Linnaeus mwenyewe alipanga mimea kwa stameni na pistili, yaani viungo vya kiume na vya kike vya ua, na waliomfuata, hata walioutupa mfumo wake, waliendelea kulipa ua kiti cha mbele. Walikuwa na sababu nzuri, kwani viungo vya uzazi haviyumbishwi sana na kivuli au ukame. Tatizo ni kwamba mimea haituwekei miadi. Mti wa msituni unaweza kukaa muda mrefu bila ua, na anayehesabu miti hana budi kuuandika leo. Mfuko wa majani makavu ya dawa hauna ua. Kipande cha jani kilichotoka kwenye kinyesi cha swala hakina ua. Ludwig Radlkofer, mtaalamu wa mimea wa Munich, alisimama mwaka 1883 na kutabiri kwamba miaka mia itakayofuata itakuwa ya mbinu ya anatomia katika uainishaji. Mwaka 1899 Hans Solereder akatoa kitabu kizito kuhusu anatomia ya mimea ya dikotiledoni (ile ambayo mbegu yake ina majani mawili), familia baada ya familia, na mwaka 1950 C. R. Metcalfe wa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, pamoja na L. Chalk wakakusanya kazi yote hiyo upya katika juzuu mbili ambazo wanafunzi wa anatomia wanazifungua hadi leo.

Upande wa utetezi nauanza na mimea mitatu yenye sumu: Atropa belladonna, Datura stramonium na Hyoscyamus niger. Yote ni ya familia moja, Solanaceae, na majani yake yametumika katika dawa kwa muda mrefu. Yakiwa mabichi hayafanani. Yakishasagwa yanakuwa unga wa kijani uliofifia, na hapo jicho halina msaada. Kemia nayo inakwama, maana mimea yote mitatu hubeba alkaloidi (kemikali zenye sumu) za kundi moja. Ukiweka unga huo chini ya hadubini, ngozi ya jani haikufikishi mbali: stomata, yaani vitundu vya kupitishia hewa, za mimea yote mitatu zimezungukwa na seli tatu, moja ndogo kuliko wenzake. Ukipata kipande cha mshipa wa kati nacho kinakuambia jina la familia tu, kwa kuwa floemu ipo pande zote mbili za zailemu, tabia ya Solanaceae.

Sogeza sasa macho kwenye seli za ndani, utafute fuwele za kalsiamu oksalati. Katika Datura zimeshikana zikawa kama tufe lenye miiba. Katika Hyoscyamus ni vipande vilivyonyooka vyenye pembe, kimoja kimoja au viwili vilivyopandana. Katika Atropa hakuna fuwele ya kuitwa fuwele: seli nzima imejaa punje ndogo mno, kama mtu aliyemimina mchanga mweusi ndani ya kiriba. Seli moja ya mchanga huo inatosha kumnyamazisha anayebisha. Udongo ukiwa na kalsiamu nyingi fuwele zinaweza kuongezeka, lakini tufe la miiba haligeuki kuwa mchanga, maana umbo lake linaongozwa na jeni.

Kwa njia hiyohiyo wakaguzi wa dawa walijifunza kukamata majani ya Solenostemma argel yaliyochanganywa na majani ya dawa ya kuendesha iitwayo sana (senna). Kinyweleo cha jani la sana kina seli moja, cha argel kina seli mbili au tatu. Huo ndio utetezi wenyewe. Ni tofauti ya kuhesabika kwa kidole, na haijali jani lilikaushwa vipi.

Kuna nyingine zisizohitaji hata wembe. Shika jani la mchungwa mbele ya mwanga, utaona vitone vinavyong'aa; ni vifuko vya mafuta, alama ya familia yake, Rutaceae. Fanya hivyo kwa jani la mkaratusi, utaviona pia, na mkaratusi ni wa Myrtaceae, familia nyingine kabisa. Hapo utetezi unaanza kupata ufa, nami nitaurudia. Kwa sasa tazama kikonyo cha mchungwa: kati yake na bapa kuna kiungo, kana kwamba jani lilikatwa likaungwa. Wataalamu wa mimea hukisoma kiungo hicho kama kumbukumbu ya jani la mchanganyiko lililopoteza vijani vyake vyote ila kimoja. Kikonyo kimehifadhi historia ambayo bapa limeshaisahau.

Na yapo mahali ambapo anatomia iliona mbele hata katika ukoo. Misonobari haina kikonyo cha kuzungumzia, lakini kata sindano yake katikati: baadhi ina kifungu kimoja cha mishipa, mingine viwili. Mtaalamu wa mimea Koehne aligawa jenasi ya Pinus kwa kigezo hicho mwaka 1893, na vinasaba vilipokuja kusomwa karne moja baadaye, mgawanyo ulikuwa uleule, nusujenasi mbili zenye mpaka ulio wazi. Katika visukuku mambo ni makubwa zaidi. Mawe ya zama za dinosaria yamejaa majani yanayofanana na ya sikadi (mimea ya kale yenye umbo kama la mnazi mfupi), na kwa muda mrefu yalihesabiwa kuwa ya sikadi. Kutikula yake, ile ngozi ya nta isiyooza, ilipochunguzwa, stomata zilionyesha makundi mawili. Katika moja, seli zinazopakana na zile mbili zinazofungua na kufunga mlango wa stomata zimetokana na seli mama moja nazo. Katika jingine hapana. Mtaalamu wa mimea Rudolf Florin aliyapa miundo hiyo majina katika miaka ya 1930. Kundi la kwanza ni Bennettitales, mimea iliyotoweka ambayo viungo vyake vya uzazi havifanani hata kidogo na vya sikadi. Bapa lilitudanganya. Stomata hazikudanganya.

Sasa upande wa mashtaka, na hapa sitaupunguzia makali.

Paka rangi ya kucha isiyo na rangi chini ya jani, iache ikauke, ibandue kwa utepe wa gundi, uibandike kwenye slaidi. Una nakala kamili ya ngozi ya jani, stomata zote zikiwa mahali pake. Hesabu zilizomo katika uwanja mmoja wa hadubini. Rudia kwa jani la mti huohuo lililokulia ndani ya kivuli. Idadi itashuka, na mara nyingi itashuka vya kutosha kuwafanya ndugu wa tawi moja waonekane spishi mbili. Jani la juani ni nene, seli zake za palisedi, zile za kijani zilizopangwa safu chini ya ngozi, ni ndefu au zimepangwa tabaka zaidi, mishipa imesongamana. La kivulini ni jembamba na limelegea. E. J. Salisbury aliliona tatizo hili mwaka 1927, akapendekeza kipimo kingine: badala ya kuhesabu stomata kwa eneo, tafuta ni asilimia ngapi ya seli zote za ngozi. Jani likitanuka, seli na stomata husogeleana au kuachana kwa pamoja, uwiano ukabaki karibu palepale. Ilikuwa nafuu kubwa, ingawa si tiba kamili.

Kisha ukaja mwaka 1987. F. I. Woodward alipima majani ya miti yaliyohifadhiwa katika hebaria (hifadhi za mimea iliyokaushwa) kwa miaka 200 hivi, akakuta msongamano wa stomata umepungua kwa takriban asilimia 40 kadiri kabonidioksidi hewani ilivyopanda. Spishi ni zilezile, hewa imebadilika. Sasa fikiria ufunguo wa kutambua mimea, yaani orodha ya maswali ya kukufikisha kwenye jina, unaotumia namba zilizohesabiwa kwenye vielelezo vya zamani, halafu wewe unapima jani lililochumwa jana.

Wanaokipigania kikonyo hujibu hapa kwa haraka: matatizo hayo ni ya bapa, ambalo hupigwa na jua, kikonyo ni mfereji tu, mpangilio wa mishipa yake hauna haja ya kubadilika kwa ajili ya kivuli. Metcalfe na Chalk walikipa kikonyo heshima kwa sababu za namna hiyo. Hoja ina uzito, lakini ina mashimo mawili. La kwanza ni ukubwa: jani zito linahitaji kikonyo kinene, na kikonyo kinene kwa kawaida huongeza vifungu. Hivyo spishi yenye majani makubwa na dada yake mwenye majani madogo zinaweza kutofautiana kwa sababu ya mzigo, wala si ukoo. La pili ndilo lililomshughulisha Richard Howard wa Arnold Arboretum, bustani ya miti ya Chuo Kikuu cha Harvard, aliyechunguza vikonyo vya mimea mingi mno. Alisisitiza kwamba mpangilio hubadilika njiani. Mishipa huingia kikonyoni ikiwa mafungu matatu, hugawanyika, huungana ikawa tao, tao hufunga likawa duara, pengine vifungu vingine hubaki katikati ya duara. Mkato mmoja ni picha moja ya safari nzima. Yule tai wa kangaga hupatikana chini. Panda kidogo na vifungu vinapungua, tai anapoteza mabawa. Ukisoma makala inayotangaza kwamba spishi A ina tao na spishi B ina duara, bila kusema mkato ulipitishwa wapi, huna njia ya kujua kama ni spishi mbili au ni sentimita mbili.

Halafu kuna mkaratusi, Eucalyptus globulus. Mche wake una majani yanayokabiliana, yaliyolala, yamekumbatia tawi bila kikonyo chochote, na palisedi iko upande wa juu. Mti mzima una majani yanayoning'inia, marefu kama mundu, yenye kikonyo, na palisedi pande zote mbili. Mpe mwanafunzi jani moja la kila umri bila kumwambia, atakuandikia jenasi mbili.

Shitaka zito kuliko yote, hata hivyo, ni la kufanana bila undugu. Vile vitone vya mchungwa na mkaratusi ni mfano mdogo. Mkubwa ni ule muundo uitwao Kranz, neno la Kijerumani lenye maana ya shada: seli kubwa za kijani zinauzunguka kila mshipa, na nje yake tabaka jingine la seli limejipanga kama petali. Ndio muundo wa mahindi na miwa, unaohusiana na usanisinuru wa C4, njia ya kutengeneza sukari iliyo tofauti na ile ya kawaida iitwayo C3. Ni mzuri sana kutazama, na mtu akiuona katika mimea miwili hushawishika kuiita ndugu. Lakini muundo huu umezuka zaidi ya mara 60 katika koo mbalimbali, kila ukoo ukiubuni peke yake. Nyasi za Alloteropsis semialata zimekwenda mbali zaidi: ndani ya spishi hiyo moja ipo mimea yenye C4 na shada lake, na ipo yenye C3 isiyo nalo. Wataalamu wengine waliitenga kuwa nususpishi mbili. Muundo ambao kwingine ungetosha kutenga jenasi, hapa unapita katikati ya spishi.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema nyasi zimeizika anatomia. Nyasi hizohizo ndizo zilizoipa ushindi. Kwa muda mrefu familia nzima iligawanywa makundi mawili makubwa kwa kutazama vishuke vya maua. Mwaka 1936 Henri Prat wa Ufaransa alitazama ngozi za majani: vinyweleo vidogo vya seli mbili, ambavyo nyasi za kundi la ngano kwa kawaida hazina, vijiwe vya silika, vingine kama msalaba, vingine kama tandiko la farasi, vingine kama kitu kilichobanwa kiunoni. Picha iliyotokea haikulingana na ile ya vishuke. Ililingana na kromosomu, alizokuwa amezichunguza mtaalamu wa Kirusi, Avdulov, miaka mitano kabla. Vinasaba vilipokuja viliegemea sana upande huo, na ua, shahidi mheshimiwa, lilikuwa limekosea.

Miaka mia ya Radlkofer iliisha mwaka 1983. Miaka kumi baadaye, Mark Chase na wenzake walichapisha mti wa ukoo wa spishi 499 za mimea yenye mbegu, uliojengwa kwa jeni moja, rbcL. Tangu hapo swali la ukoo limehamia huko, nami sioni sababu ya kulirudisha. Atakayepanga familia leo kwa vikonyo pekee anajichosha. Ila wanaosema DNA imefuta na haja ya kutambua kwa hadubini wanakwenda haraka kuliko ushahidi wao. Mwaka 2009 kikundi cha kimataifa kilipochagua vipande viwili vya DNA, rbcL na matK, kuwa msimbo wa kutambulisha mimea, viliweza kutenganisha asilimia 72 ya spishi zilizojaribiwa. Zilizobaki ziliishia kwenye kundi la ndugu wa karibu. Katika jenasi kama Salix, ambamo spishi tofauti huzaana na kuchanganyika, msimbo hukwama kabisa. Na jani lililochemshwa, likakaushwa, likasagwa, linaweza kuwa na DNA iliyokatikakatika huku fuwele zake zikiwa zimetulia mahali pake.

Kwangu tatizo halisi halipo kwenye jani, lipo kwa anayelikata. Zipo makala nyingi za mtindo huu: spishi tano, mmea mmoja wa kila spishi, jani moja au mawili, picha nzuri za rangi, na mwishoni ufunguo. Ufunguo huo hufanya kazi vizuri sana kwa majani yale matano. Sifa za namna, yaani ipo au haipo, tufe au mchanga, seli moja au tatu, mara nyingi huvumilia uzembe huo. Sifa za kiasi hazivumilii: unene, urefu, idadi kwa milimita ya mraba. Hizo zinadai majani mengi, ya juani na kivulini, ya mimea kutoka mahali tofauti, na mkato uliopitishwa palepale kila mara. Kwa kikonyo, afadhali chini, katikati na karibu na bapa. Asiyefanya hivyo anapima hali ya hewa.

Kwa hiyo ukiniletea jani lisilo na ua, nitalishika kwanza mbele ya mwanga, nitakata kikonyo mahali patatu, nitabandua ngozi. Nikikuta mchanga wa fuwele, hutanishawishi kwamba ni Datura, hata ungekuja na cheti. Lakini ufunguo ukiniuliza kama stomata ni 210 au 230, nitaufunga na kusubiri mmea uchanue.